Tarehe Kabla ya Sifa: Utangulizi wa Kuchagua Mfumo Endeshi wa Seva

Tarehe 8 Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitoa tangazo lililowatoa usingizini wasimamizi wa seva wa nchi nyingi. CentOS Linux 8, mfumo endeshi uliotolewa bure Septemba 2019 na ambao watu walikuwa wameupangia kazi hadi mwaka 2029, ungeacha kuhudumiwa ifikapo tarehe 31 Desemba 2021. Siku ile hakuna seva iliyozimika wala kanzidata iliyopotea. Mishahara ililipwa, tovuti zilifunguka, barua pepe zilifika. Lakini waliokuwa ndio kwanza wamemaliza kuhamishia mitambo yao kwenye toleo hilo walijikuta wamebakiwa na mwaka mmoja wa kuhama tena.

Karibu katika taaluma hii. Anayeingia humu mara nyingi huwa ameshabebwa na ushabiki: huyu wa Linux, yule wa Windows, kila mmoja ana orodha ya sifa za mfumo wake na ya dhambi za mfumo wa mwenzake. Mabishano hayo yana raha yake, nami nimeyashiriki, ila hayamsaidii mwenye hospitali, chama cha akiba na mikopo au duka la jumla kuamua. Mifumo mikubwa ya seva ya leo yote inamudu kazi za biashara ya kawaida. Kinachomuumiza au kumfaa mnunuzi kiko kwingine: nani ameahidi kuutunza mfumo huo, mpaka lini, kwa bei gani, na nani ana mamlaka ya kuivunja ahadi hiyo. Nitakayoyasema hapa yote yanaizunguka hoja hiyo.

Tuanze na kitu chenyewe. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, na mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya mashine na programu za kazi. Hugawa kumbukumbu na muda wa prosesa, huandika na kusoma diski, hupokea na kutuma data mtandaoni, huamua nani aguse nini. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kerneli. Mpaka hapo seva haina tofauti na kompyuta ya mezani. Tofauti huja katika maisha yake. Mbele ya seva hakuna mtu aliyekaa. Huwashwa ikaachwa ifanye kazi miezi mingi katika chumba cha baridi, na ikisimama saa moja, mamia ya watu husimama nayo. Vitu vipya kila mara, ambavyo mtumiaji wa simu huvifurahia, msimamizi wa seva huviogopa. Anataka mfumo ubaki vilevile kwa miaka, na hapohapo anataka matundu yake ya usalama yazibwe kila yanapogunduliwa. Matakwa hayo mawili yanavutana. Karibu kila bidhaa na kila mkataba tutakaoutaja umezaliwa na mvutano huo.

Wa kwanza kuufanyia biashara kubwa walikuwa IBM. Tarehe 7 Aprili 1964 walitangaza System/360, familia ya kompyuta za ukubwa tofauti zilizoweza kuendesha programu zilezile. Kabla ya hapo, mteja aliyekua na kununua mashine kubwa zaidi mara nyingi alilazimika kuandika programu zake upya. Mfumo wa z/OS, unaotumika leo kwenye kompyuta kuu za mabenki na mashirika ya bima, umetokana na ukoo wa OS/360, na bado unaweza kuendesha programu zilizoandikwa miongo mingi iliyopita. Vijana huzicheka mashine hizi. Wasizicheke: mteja anayezilipia anajua fika kwamba ananunua utulivu, na utulivu wa nusu karne hauuzwi bei chee.

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, ikawa rahisi kuihamisha kutoka mashine ya aina moja kwenda nyingine. AT&T, wamiliki wa maabara, walikuwa wamebanwa na makubaliano ya kimahakama ya mwaka 1956 yaliyowazuia kuingia katika biashara ya kompyuta, kwa hiyo vyuo vikuu viliipata Unix kwa leseni nafuu, vikaisoma, vikaiongezea. Ikazaa ukoo mkubwa: Solaris ya Sun, AIX ya IBM, HP-UX ya Hewlett-Packard. Kila kampuni iliufungamanisha mfumo wake na mashine zake. Mwisho wa HP-UX unafundisha kuliko vitabu vingi. Katika miaka yake ya baadaye ilitegemea prosesa za Itanium. Intel ikasafirisha za mwisho mwaka 2021, na msaada wa kawaida wa HP-UX 11i v3 ukakoma tarehe 31 Desemba 2025. Mfumo wenyewe haukuwa mbovu. Ulizikwa pamoja na chuma chake.

Windows ya seva ina asili nyingine. Mwaka 1988 Microsoft ilimwajiri Dave Cutler kutoka kampuni ya Digital, alikokuwa miongoni mwa vinara wa mfumo wa VMS, na Julai 1993 ikatoa Windows NT. Kilichoipa mizizi maofisini ni Active Directory, iliyokuja na Windows 2000: daftari moja la watumiaji, nywila, kompyuta na printa za shirika zima. Ofisi yenye kompyuta mia mbili za Windows ikishalizoea daftari hilo, kuliacha ni kazi ya miaka. Hata wapinzani wakubwa wa Microsoft wanalikubali hilo.

Linux inajulikana zaidi, kwa hiyo nitaipitia haraka. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliitangaza mwaka 1991. Aliyoiandika ni kerneli tu. Wengine waliichukua kerneli hiyo, wakaiunganisha na maelfu ya programu huria na kutengeneza vifurushi kamili, ambavyo mafundi huviita distro: Debian, Red Hat, SUSE, Ubuntu na nyinginezo. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye kasi kubwa zaidi duniani zinaendeshwa na Linux. Mashabiki huipenda sana takwimu hiyo. Kwa mwenye duka la dawa haina maana yoyote.

Kwake yeye swali la kwanza ni hili: programu ninayoihitaji imeidhinishwa kufanya kazi juu ya mfumo gani? Hakuna anayenunua mfumo endeshi kwa ajili ya mfumo endeshi. Hununua programu ya uhasibu, ya kumbukumbu za wagonjwa au ya kusimamia mikopo, na programu hiyo huja na masharti yake. Kanzidata ya SAP HANA, kwa mfano, huendeshwa kwenye Linux peke yake, tena matoleo ya SUSE na Red Hat yaliyoidhinishwa na SAP. Kwa miaka mingi kanzidata ya SQL Server ilikaa kwenye Windows pekee, hadi toleo la 2017 lilipofungua mlango wa Linux. Neno “imeidhinishwa” lina uzito wa kimkataba. Programu inaweza kuwaka na kufanya kazi vizuri kwenye mfumo usioidhinishwa, hadi usiku itakapokwama, ukampigia simu aliyekuuzia, naye akakuuliza swali moja tu kuhusu toleo lako kabla ya kukata. Vivyo hivyo kwa mashine: watengenezaji wa seva huchapisha orodha ya mifumo waliyoijaribu kwenye kila modeli, na orodha hiyo isomwe kabla ya kulipia. Mara nyingi swali hili la kwanza hupunguza chaguo hadi mbili au moja, na mjadala wote wa sifa unakwisha hapo.

Zikibaki mbili, fungua kalenda. Microsoft huipa kila Windows Server ya kawaida miaka mitano ya msaada kamili na mitano ya nyongeza ambayo ndani yake huziba matundu ya usalama. Red Hat Enterprise Linux nayo hupewa miaka kumi. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, lenye miaka mitano ya matunzo, na anayejisajili kwenye huduma ya Pro hufikishwa miaka kumi. Debian huhudumiwa takribani miaka mitatu na kikosi chake cha usalama, kisha kikundi kingine huipeleka hadi mitano. Tarehe hizi zimechapishwa, na ndizo habari muhimu kuliko zote katika uchaguzi huu, lakini nimekaa kwenye vikao vya manunuzi ambamo hakuna aliyezitaja hata mara moja. Seva inayonunuliwa leo kwa matumizi ya miaka saba ikiwekewa mfumo uliobakiza mitatu, mnunuzi amejipangia uhamisho mwingine bila kujua.

Nini hasa hufanyika ndani ya miaka hiyo kumi? Hapa pana kazi ya kiufundi ambayo wageni wengi hawaijui, nayo inastahili heshima. Red Hat Enterprise Linux 7 ilitoka mwaka 2014 na kerneli yenye namba 3.10. Miaka ilivyopita, kerneli mpya zilitoka moja baada ya nyingine, lakini hadi mwisho wa matunzo yake ya kawaida, Juni 2024, RHEL 7 ilibaki na namba ileile ya 3.10. Wahandisi walikuwa wakichukua kiraka, yaani kipande cha programu cha kuziba tundu, kilichoandikwa kwa ajili ya kerneli mpya, wakikipima na kukishona upya ili kiingie kwenye ile ya zamani bila kubadilisha tabia yake. Kwa njia hiyo programu iliyojaribiwa mwaka 2014 iliendelea kufanya kazi mwaka 2023, na matundu yakazibwa. Kazi hiyo inachosha, haina sifa mitaani, na ndiyo hasa anayoilipia mteja anapolipa ada ya mwaka. Ina vituko vyake pia: mkaguzi wa usalama huja na kifaa cha kuchungulia seva, huona namba ya zamani, huandika ripoti nyekundu ya kurasa arobaini, na msimamizi hutumia wiki nzima kuthibitisha kwamba matundu yale yalishazibwa zamani.

Kinyume chake kilionekana Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa tarehe 12 mwezi huo, kikafunga mafaili ya hospitali za Uingereza, viwanda na maofisi katika nchi nyingi kikidai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Waliokuwa na Windows Server 2003, ambayo msaada wake ulikoma Julai 2015, hawakuwa na kiraka cha umma mpaka Microsoft ilipolazimika kutoa kimoja cha dharura baada ya mambo kwenda mrama. Wengi wa walioathirika walikuwa na mfumo unaohudumiwa, na kiraka kilikuwepo, ila hawakukiweka. Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi. Shirika lisilo na ratiba ya kuweka viraka, na seva ya majaribio ya kuvionja kwanza, hulipia ahadi bila kuitumia.

Sasa turudi kwa CentOS, maana kisa kile kina tabaka ambalo kalenda haikulionyesha. CentOS ilianza mwaka 2004. Kwa kuwa leseni za programu huria huilazimu Red Hat kutoa msimbo wa sehemu kubwa ya mfumo wake, watu wa kujitolea waliuchukua msimbo huo, wakaondoa nembo za kampuni, wakaujenga upya na kuugawa bure. Matokeo yalikuwa pacha wa mfumo wa kulipia. Kampuni za kukodisha tovuti, vyuo vikuu na biashara zisizohesabika zilijenga juu yake. Mwaka 2014 Red Hat iliuchukua mradi chini ya bawa lake, ikawaajiri baadhi ya wahusika wakuu, na wengi wakashangilia kwamba sasa CentOS imepata mlezi mwenye mfuko. Julai 2019 IBM ikakamilisha ununuzi wa Red Hat kwa dola bilioni 34. Desemba 2020 likaja tangazo: nguvu zote zitaelekezwa kwenye CentOS Stream, ambayo hutangulia kidogo mbele ya mfumo wa kulipia badala ya kuufuata nyuma.

Kelele zilikuwa kubwa, na sehemu yake ilikuwa halali. Kufupisha maisha ya toleo lililokwisha kutolewa ni jambo baya, nami sijaona hoja iliyolisafisha. Lakini wengi wa waliolalamika hawakuwa na mkataba na mtu yeyote. Walikuwa wakila matunda ya wahandisi waliolipwa na kampuni moja, wakaihesabu hisani kuwa haki. Ndani ya miezi michache palitokea warithi wawili: AlmaLinux, iliyoanzishwa na kampuni ya CloudLinux kisha kukabidhiwa kwa taasisi isiyo ya faida, ikatoa toleo la kwanza Machi 2021, na Rocky Linux ya Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, iliyofuata Juni. Juni 2023 Red Hat ikabana zaidi njia ya kuupata msimbo wa mfumo wake. AlmaLinux ikabadilisha lengo: haidai tena kuwa pacha wa kila kitu, inaahidi tu kwamba programu zilizojengwa kwa RHEL zitaendeshwa juu yake bila kubadilishwa. Rocky ilishikilia njia ya kufanana kabisa.

Kwa mchaguzi, kisa hiki kinazaa swali la tatu ambalo brosha haziligusi: mfumo huu unaongozwaje? Kampuni inaweza kununuliwa, na mnunuzi akawa na hesabu nyingine. Mradi wa kujitolea unaweza kuchoka. Debian haina mmiliki; ina katiba, na kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka kwa kura za wanachama. Hilo haliifanyi bora kuliko SUSE au Windows, ila linamaanisha kwamba hakuna bodi ya kampuni inayoweza kuifuta kwa tangazo la asubuhi. Kwa upande mwingine, saa nane za usiku kanzidata ikigoma kuwaka, hakuna bodi ya kupigia simu pia. Biashara ichague hofu ipi inaimudu.

Fedha nazo ziangaliwe kwa jicho la mhasibu. Leseni ya Windows Server huhesabiwa kwa kori, yaani vitengo vya kukokotoa vilivyomo ndani ya prosesa, na kila seva hulipiwa kori zisizopungua 16 hata kama inazo nane. Juu yake kuna leseni za watumiaji wanaoifikia seva hiyo. Toleo la Standard huruhusu seva pepe mbili, yaani seva zinazoigizwa kwa programu, ndani ya mashine moja. Datacenter haina kikomo, na bei yake ni ya kutisha mpaka uhesabu seva pepe ishirini. Red Hat na SUSE huuza usajili wa mwaka, wala si kitu unachokimiliki. Kwa biashara ya Afrika Mashariki malipo haya mengi huhesabiwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka, bajeti ya TEHAMA hupanda bila mtu kuongeza seva. Ndipo inapokuja tamaa ya leseni za magendo. Sitatoa hotuba ya sheria: aliyeivunja kufuli ya leseni ameshaigusa programu yenye funguo zote za ofisi, na hakuna ajuaye ameacha nini ndani.

Baada ya leseni kuna watu, nao mara nyingi ndio gharama kubwa kuliko zote. Mnunuzi wa gari wa Dar es Salaam au Nairobi haanzi kwa kuuliza kasi. Huuliza spea zinapatikana wapi na fundi wake ni nani, na ndiyo maana barabara zetu zimejaa Toyota. Busara hiyohiyo inafaa hapa. Kikosi cha watu watatu waliokulia kwenye Windows kikipewa Linux kwa sababu leseni ni bure, bure hiyo italipwa kwa saa za kukwama, kwa mshauri wa nje na kwa makosa ya usalama. Wakipelekwa mafunzo kwanza, hesabu inaweza kugeuka kabisa. Ninaloliogopa zaidi ni seva iliyojengwa na fundi mmoja hodari kwa distro aliyoipenda yeye, asiache maandishi, kisha akapata kazi nzuri Dubai.

Sheria imeongeza uzito. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde ipasavyo. Meneja atakayeulizwa baada ya data za wateja kuvuja atapata taabu kueleza kwa nini zilikuwa kwenye mfumo ambao mtengenezaji wake aliacha kuuziba miaka mitatu nyuma.

Utasikia kwamba wingu limeyamaliza haya yote. Limeyapunguza. Ukikodi kanzidata iliyotayarishwa na mtoa huduma, kweli mfumo endeshi ni mzigo wake. Ukikodi seva pepe, ambavyo ndivyo wengi hufanya, mfumo uliomo ni wako, na kuweka viraka ni kazi yako, iwe mashine iko Cape Town au Frankfurt. Kontena, yaani vifurushi vya programu pamoja na mafaili inayoyahitaji, nazo hazikwepi: hutumia kerneli ya mashine iliyozibeba, na ndani yake kila moja hubeba mafaili ya distro fulani yenye tarehe yake ya mwisho. Nimeona mifumo ya kisasa kabisa kwa nje ambayo ndani ya kontena zake mlikuwa na Debian iliyoacha kuhudumiwa zamani, na hakuna aliyekuwa na habari.

Msomaji uliyefika hapa huhitaji idhini ya mtu kuanza. Ingia kwenye seva unazozisimamia. Kwenye Linux soma faili la /etc/os-release. Kwenye Windows andika systeminfo. Fungua daftari, andika jina la kila seva, kazi inayoifanya, toleo la mfumo wake, tarehe ya mwisho wa msaada na jina la mtu anayeweza kuijenga upya ikiungua leo. Kwa Windows Server 2016 tarehe hiyo ni 12 Januari 2027.